Ukucha wa Mzee Kurebayashi

Leo, tarehe 31 Machi, Mzee Kurebayashi Tokuji anastaafu baada ya miaka thelathini na minane katika kiwanda chetu cha dawa hapa Toyama. Nimeombwa niandike mimi, Ogata wa upakiaji. Huu ni mwaka wangu wa tisa tangu niondoke kwetu Akita, na muda wote huo nimefanya kazi naye. Hakuna aliyechoshwa naye kuliko mimi.

Alisimamia mashine ya kukandamiza vidonge vya fangasi, na humo hana mpinzani. Mlio ukibadilika kidogo tu, anaizima, hata meneja awe amesimama hapo na wageni. Vidonge vyake vimeponya miguu ya watu wengi. Mguu wake mwenyewe, wapi!

Buti za mpira zilimpa fangasi zamani, wakahamia kwenye ukucha wa kidole gumba cha mguu, ukawa mnene na wa njano kama gamba la chaza. Daktari alisema kidonge kila siku, miezi sita, na pombe asiguse, ini lisije likaumia. Kila mwaka anaanza. Kisha inakuja sherehe ya kufunga mwaka, na dawa inawekwa kando.

"Mzee, na vidonge je?"

"Ogata, ukucha hauendi popote. Sake inapoa."

Lakini nani alimmiminia hiyo pombe ya mchele? Hapa mtu hajimiminii. Jirani hukujazia, na kikombe kilichojaa hakikataliwi. Tulimjazia sisi, kisha tukamsema.

Mkewe, Bi Sumie, anangoja safari ya chemchemi za moto za Unazuki tangu ujana. Lakini kila Mzee akiitaja, Bi Sumie humjibu: "Nioge maji mamoja na ukucha huo? Pona kwanza!" Sasa magoti yake yanakataa ngazi. Novemba alikuja hadi langoni, akatusema sisi.

"Nyinyi mnaomjazia, mtanibeba mgongoni kunipeleka?"

Tuliporudi ndani tukapatana kumjazia chai tu.

Kwenye sherehe ya Desemba Mzee alikunywa chai ya shayiri, vidonge hakuviacha, amenuna kama paka aliyeloa. Leo ukucha mpya, mwembamba, wa rangi ya waridi, umefika karibu nusu.

Jioni hii tunamuaga. Birika la chai liko upande wake. Atakayemmiminia kinywaji kingine atajibu kwa Bi Sumie.

Asante kwa kazi, Mzee, na hata kwa kutuchosha. Wewe na Bi Sumie mkaoge pamoja Unazuki kwa raha, majani ya miti yakigeuka mekundu. Ameahidi kurudi kututembelea Novemba, ukucha ukishakamilika. Hata theluji ikianguka, anasema, atakuja amevaa ndala, tuuone.