Siku Nilipoigiza Kaka Mkubwa Kiruruma

Bwana asifiwe, ndugu zangu! Asifiwe tena, maana hiyo ya kwanza wengine mmeitikia kwa uvivu. Wazee wangu, shikamooni. Vijana wenzangu, ya kwenu Bwana anayajua.

Naitwa Edina. Nimezaliwa hapa hapa Kanoni, na sasa niko mwaka wa pili chuo cha ualimu. Mzee wa kanisa amenipa dakika kumi, na wanaonifahamu wanacheka, kwa sababu wanajua mdomo wangu. Mimi ni mtu nisiyetulia. Hata hapa niliposimama miguu inahangaika. Nivumilieni tu, nitafika.

Wengi wenu mnaijua nyumba yetu, lakini nitaeleza kwa ajili ya wageni. Nilikuwa na miaka tisa baba yangu alipoondoka. Alisema anakwenda Murongo, avuke mpaka, afanye biashara ya maharage, na kabla ya msimu wa kahawa atakuwa amerudi. Msimu ukafika, tukachuma bila yeye. Ukafika mwingine. Baadaye tukasikia ana nyumba upande wa pili, ana mwanamke, ana watoto. Mama alipalilia kibanja, shamba letu la nyumbani, akakata migomba iliyozeeka, akaanika kahawa, akatusomesha. Mimi ndiye mkubwa, kwa hiyo kazi ya baba niliirithi mimi. Nilikwenda shule na sare yenye madoa ya utomvu wa ndizi, na hayo madoa hayatoki, mnajua wenyewe.

Miaka kumi na miwili, ndugu zangu! Halafu mwaka juzi, nikiwa nyumbani nasubiri kwenda chuo, bodaboda ikamshusha kwenye njia ya kibanja chetu. Alikuwa na begi moja na kikohozi. Na mama alifanya nini? Akamtandikia kitanda! Akakata mkungu mkubwa kuliko yote, akaita majirani, kwaya ya akina mama ikaja ikaimba. Na ndizi za sherehe hiyo nani alimenya? Mimi. Nilikaa jikoni namenya na kulia, na kitunguu hakikuwepo.

Tangu siku ile sikumwamkia. Jamani, mnajua uzito wake hapa kwetu. Mtoto kumpita baba yake mlangoni asubuhi bila shikamoo, afadhali angemtukana, angalau angekuwa amemsemesha. Tena sikula naye. Mama akitandika jani la mgomba, akimwaga ndizi na maharage, wote wakizunguka, mimi nilichukua sehemu yangu kwenye sahani nikatoka nje, nikala nimesimama kwenye banda la mbuzi. Mama alibembeleza mpaka akachoka. "Edina, ingia." "Hapa kuna hewa, mama." Hewa gani, bandani mwa mbuzi?

Chuoni nikapata pa kujificha. Vitabu! Nasoma Kiswahili, na katika Fasihi sina mpinzani, nisameheni kwa kujisifu. Riwaya nilizimeza. Mke akiachwa kwenye ukurasa wa hamsini, mimi nalowesha mto. Niliwalilia watu ambao hawajawahi kuzaliwa! Lakini nikifungua Biblia, macho makavu. Nasoma sura nzima huku nahesabu wahusika, natafuta dhamira, natafuta mgogoro, halafu nafunga. Nilikuwa na riwaya tatu zilizo wazi kwa wakati mmoja, sikumaliza hata moja. Nikikaa bwenini nataka kwenda uwanjani, nikifika uwanjani nakumbuka bwenini. Mwenzangu wa chumba aliniuliza kama nina minyoo.

Mkufunzi wetu wa Fasihi akatupa kazi. Tuchague hadithi yoyote fupi, tuandike insha juu ya mhusika mmoja. Mimi nikachagua ule mfano wa Bwana Yesu wa baba mwenye wana wawili. Mnaujua. Mdogo anadai urithi, anaondoka, anaponda mali, anarudi na njaa yake, anachinjiwa ndama. Mkubwa anatoka shambani, anasikia ngoma, anakataa kuingia. Kila mhubiri namsikia anamhubiri yule mdogo. Nikasema hapana, leo mkubwa amepata wakili. Nikaandika kurasa sita! Nikasema hadithi inakwisha bila kutuambia kama aliingia, na ukimya huo ni ushahidi kwamba msimulizi mwenyewe aliona kijana ana haki. Nikapata alama za juu kuliko darasa zima. Lakini chini ya insha mkufunzi akaandika kwa wino mwekundu: "Hoja nzuri. Ila huyu kijana jioni ile alikula wapi?"

Lile swali lilinikera wiki nzima. Alikula wapi! Hiyo ndiyo Fasihi?

Nikazidi kujifanya mgumu. Chuoni tuna kikundi cha igizo, na tulialikwa Kiruruma, kanisani, Jumapili ya mavuno. Nikajitolea kuandika igizo, na mnajua nimeandika nini. Nikachukua mwenyewe nafasi ya kaka mkubwa. Nikaazima kanzu na kofia, nikatengeneza panga la ubao. Kijana mwenzetu mmoja mpole, Shukuru, akawa baba. Na mwisho niliouandika ni huu: kaka mkubwa anasimama nje, anatoa hotuba ndefu, anageuka na kwenda zake. Haingii! Tulifanya mazoezi wiki tatu, na kila nikifika kwenye ile hotuba mwili wote ulikuwa unanisisimka. Nilidhani ni Roho.

Nikamwalika mama. Nikamwambia kwenye simu, "Njoo peke yako."

Ibada ilikwisha, watu wakabaki. Mbele ya madhabahu palijaa mikungu ya ndizi, magunia ya maharage, kahawa, kuku wamefungwa miguu. Pembeni tulisimamisha nyumba yetu, madawati mawili yamezungushiwa shuka. Igizo likaenda vizuri, watu wakacheka pa kucheka. Zamu yangu ikafika. Nikaingia na panga langu begani, nikainua macho, nikamwona mama mstari wa mwisho. Na pembeni ya mama, amevaa koti, amekaa yeye.

Ndugu zangu, sitaficha. Niliacha maneno niliyoyaandika. Badala ya kumtazama Shukuru nikatazama kule nyuma. Nikasema, "Ulikuwa wapi tulipochuma kahawa? Mama alipougua kifua, nani alimbeba hadi zahanati? Umerudi kwa sababu unatupenda, au kwa sababu unakohoa?" Watu walipiga makofi! Walisema binti huyu anaigiza mpaka basi. Shukuru wa watu alibaki anatafuta maneno yake hewani, maana katika igizo letu hapakuwa na mama, wala zahanati, wala kikohozi.

Baba yangu akasimama. Akavaa kofia yake, akatoka kwa mlango wa pembeni taratibu, kama mtu anayeogopa kusumbua ibada.

Na mimi nikafurahi. Naungama mbele yenu, nilifurahi! Furaha yenyewe haikudumu hata dakika. Nikaona bora nimalize haraka niondoke. Nikainua panga kwa ajili ya sentensi ya mwisho.

Hapo bibi mmoja akainuka kwenye mstari wa mbele. Sikumjua, baadaye ndipo nikaambiwa anaitwa Bibi Kokushubira, mkazi wa pale Kiruruma. Akaja moja kwa moja hadi pale tulipokuwa tunaigiza, na fimbo yake, mbele ya watu wote. Akafungua fundo la khanga, akatoa tunda moja la kahawa ya kutafuna, ile inayochemshwa na majani na kuanikwa na ganda lake. Wageni wetu, hapa kwetu mgeni hukaribishwa kwa hiyo kabla ya maneno. Na watu wakiwa wamekosana, mzee hupasua tunda moja, ndani mna punje mbili, huyu moja na yule moja. Mkishatafuna tunda moja hamwezi tena kupitana bila kusalimiana. Baadhi ya wazee wa kanisa wakaanza kunong'ona, hawapendi mambo hayo ya zamani yaingie kanisani. Mchungaji akainuka nusu, akafikiri, akakaa.

Bibi akapasua lile tunda kwa meno. Punje moja akaitafuna yeye, ya pili akaniwekea kiganjani. Akasema, "Mwanangu, tunakutazama umesimama nje mpaka sisi miguu inatuuma. Tafuna, uingie ndani."

Nikamnong'oneza, "Bibi, hili ni igizo tu."

Akanijibu, wala hakunong'ona, "Najua ni igizo. Na hayo machozi umeyaandika wewe?"

Sikujua kama nalia. Nikajigusa shavu, ni kweli. Sasa ningefanya nini? Nikitafuna, igizo langu limeharibika na kurasa zangu sita zimekwenda na maji. Nikikataa, nimekataa kahawa kutoka mkononi mwa mzee, mbele ya kanisa zima, na hapa kwetu hakuna aliyelelewa anayefanya hivyo. Nikaitia mdomoni. Chungu! Bibi akanishika mkono, akanivuta hadi kwenye madawati, akainua shuka, akaniingiza. Kanisa likalipuka kwa vigelegele, na mtu akaanzisha wimbo.

Nimekaa mle ndani ya shuka, peke yangu. Nje wanaimba. Nikatazama kulia, dawati. Kushoto, dawati. Ndipo jambo liliponiingia: nyumba nimeingia, lakini aliyekuwa ananisubiri miaka miwili nimeshamfukuza kwa mdomo wangu. Nikasema, "Bwana Yesu, mzuie." Maombi yangu yote yalikuwa hayo. Sikupata nafasi ya kuongeza amina.

Nilitoka mbio kwa ule mlango wa pembeni, nimevaa kanzu ya mwanaume, panga la ubao mkononi. Watu wa Kiruruma barabarani walinipisha, nani angesimama? Kwenye kijiwe cha bodaboda nikamkuta ameshapanda pikipiki, anamwambia dereva, "Murongo." Hakuwa na begi. Alikuwa anaondoka hivyo hivyo.

Nikashika usukani. Nikasema, "Shikamoo."

Aliniangalia kanzu, akaliangalia panga, kisha akaniuliza, "Unaniamkia mimi, au bado unaigiza?"

Nikasema, "Sijui. Shikamoo, baba."

Alikohoa. Halafu kwa sauti ndogo sana akasema, "Marahaba, mwanangu." Dereva, ambaye hakujua lolote, akauliza, "Sasa wazee, Murongo twende au tusiende?" Baba akamjibu, "Kanoni." Tukapanda mishikaki, watu watatu pikipiki moja, mimi nyuma na panga langu, mpaka nyumbani.

Jioni ile mama alipotandika jani, nilikaa. Sikuona mwanga, ndugu zangu, sikuanguka chini, sikunena kwa lugha. Nilikaa tu kwenye mkeka, goti langu karibu na goti la baba. Yeye alichukua maharage upande wake akayasogeza upande wangu, kama alivyokuwa akifanya nilipokuwa mdogo, na mimi nilikuwa nimesahau kwamba alikuwa anafanya hivyo. Miaka yote nilikumbuka alivyoondoka tu! Nililia nikiwa na ndizi mdomoni. Nikashiba, kwa mara ya kwanza tangu arudi.

Sasa msidhani nimekuwa malaika. Bado sijatulia. Wiki iliyopita aliniagiza maji, nikaona ameniagiza kwa sauti ya bosi, nikatoka nje kwa hasira hadi bandani. Mbuzi wakaniangalia. Nikarudi ndani na maji. Yapo maswali ambayo hajanijibu, mengine sidhani kama atayajibu, na wale watoto wa upande wa pili wa mpaka ni ndugu zangu, bado sijui nifanye nini na jambo hilo. Niombeeni. Lakini ule mfano nausoma upya, na macho si makavu tena. Haikuandikwa kwamba mlango ule ulifungwa. Nilikuwa nausoma kama wakili, sasa nausoma kama mtu aliyesimama nje na njaa yake.

Kwa hiyo nakuambia wewe uliyekaa hapa, una mtu humsalimii. Una haki, najua. Hata mimi nilikuwa nayo, nilipewa hata alama! Haikunishibisha. Mwamini Bwana, umwambie neno moja tu, hata bila amina, kisha utangulize mguu. Yeye alinisikia nikiwa chini ya shuka kati ya madawati mawili, atakusikia na wewe. Namshukuru yeye, namshukuru mama yangu, namshukuru Bibi Kokushubira, Mungu amtunzie meno yake.

Baba yangu yuko hapa leo. Ameniruhusu niseme yote, ameomba jambo moja tu, nisiwaombe mumtazame. Yuko mstari wa nyuma, na pembeni yake ameniwekea nafasi kwa kofia yake. Sifa kwa Bwana! Naomba mnipishe nipite.