Mkono wa Kushoto wa Ekow Essuman

Wafiwa, majirani, nanyi nyote mliofunga vitambaa vyekundu, mniwie radhi nikikosea kusoma, mimi ni Araba, mdogo wake marehemu, na familia imenituma nisome ingawa inajua nilivyo mwoga.

Kaka yetu Ekow Essuman alizaliwa Shama, Alhamisi tarehe 7 Machi 1968, akasoma hapo hapo Shama, kisha ufundi wa umeme Takoradi, na mwaka 1993 akaajiriwa kwenye mitambo ya maji ya mji wetu, ambako baadaye alikabidhiwa kompyuta inayoamrisha pampu. Tarehe 4 Oktoba 1997 alimwoa wifi yangu Efua, wakajaliwa Kwamena na Adwoa.

Tarehe 19 Juni 2011 kiharusi kilimchukua mkono wa kulia, na hofu ikahamia kwetu, maana programu zile za kompyuta, kioo cheusi chenye maandishi matupu, huamrishwa kwa vitufe tu, kila moja na desturi yake, W hapa inafuta neno, W pale inafunga programu nzima, na nyingine zinataka mikono miwili. Akazipanga upya zote, kitufe kimoja maana moja popote, vyote chini ya vidole vya kushoto, isipokuwa cha kuzima pampu, hicho alikipeleka mwisho kabisa wa kulia, asije akakigusa kwa kupitiwa.

Mkuu wake, Bwana Quainoo, hakupendezwa, kwetu mkono wa kushoto hausalimii wala haupokei chakula, akauliza mbele ya watu, "Sasa mji mzima unywe maji ya kushoto?"

Kaka akamjibu, "Nisamehe kwa mkono wa kushoto, bosi, wa kulia umestaafu kabla yangu."

Walicheka, lakini zamu ya jioni ikawa inavirudisha vitufe vya zamani kimyakimya, na asubuhi moja ya Machi 2012 kaka alibonyeza W akidhani anafuta neno, kumbe amefunga programu ya pampu, mji ukakauka, hospitali ikachota kwa ndoo, nami nikajifungia chumbani, nikijua kazi ya kaka imekwisha. Bwana Quainoo alikaa kwenye kiti cha kaka ajaribu vitufe vya zamani mwenyewe, akapotea kwenye programu ya tatu, ndipo akaamuru zamu zote zifuate mpango wa kaka. Tangu hapo hata wenye mikono miwili huamrisha kwa kushoto, kulia wameshika kenkey, donge letu la unga wa mahindi.

Kiharusi cha pili kilimpata tarehe 28 Desemba 2024, na kila alipozinduka aliuliza kwa taabu kama kuna mtu amevirudisha vitufe vya zamani. Alifariki Jumapili tarehe 12 Januari 2025.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi, majirani mliotupikia, na wenzake wa kazini, hasa wale wawili walioko zamu saa hii, ambao nimewapigia simu tangu alfajiri, hadi mmoja akaniambia, "Dada Araba, mkono mmoja uko kwenye pampu, wa pili umeshika simu yako, tutakula kwa mkono gani?"

Kaka, hawajavirudisha. Maji yanapanda. Sasa lala.