Kokoto za Mars na Shimo Kavu

Benchi letu ni ubao juu ya matofali, nje ya kibanda cha Kinyozi. Hapo ndipo nilipoiegesha digrii yangu ya jiolojia, baada ya kila ofisi kuniambia "we'll call you" na simu kunyamaza kama imefiwa. Asubuhi ile nilikuwa na shida moja tu: Mzee Kina, mchimba visima, anipe kibarua. Alikagua viganja vyangu laini, akaguna, akaendelea na kahawa yake. Nikaona nimwonyeshe ninachokijua. Nikafungua picha ya sayari ya Mars kwenye simu.

— Mzee, cheki kokoto hizi. Za mviringo. Kulikuwa na mto huko.

— Nani aliuona? akauliza Kinyozi.

— Mawe yenyewe ndiyo evidence! Upepo haubingirishi kokoto kubwa hivi. Ni maji yaliyozisugua.

— Mimi naona zimenyolewa, Kinyozi akasema. Huko kulikuwa na mwenzangu, tena fundi kweli.

— Na maji yao yaliisha kwa kuacha bomba wazi, akadakia Mzee Kina.

— Kisha wakahamia huku! Kinyozi akasema. Mpangaji wangu hafungi bomba hata umpigie magoti. Ni wa ukoo huo.

— Digrii, Mzee Kina akanigeukia, hao wa Mars si wakuajiri basi?

Wakacheka mpaka ubao ukalia. Nikatamani kuimeza ile simu.

Mara akatokea mama mmoja na karai la mawe, akalitua miguuni pa Mzee Kina.

— Mzee, shimo ulilonichimbia hili hapa. Vumbi tupu. Sasa tuchimbe wapi?

Mzee Kina akachungulia kikombe chake. Kinyozi akaanza kufuta kioo kisafi.

Nikaokota jiwe. Lilikuwa na kona kali, nusura linikate.

— Mama, haya hayajasafiri na mto wowote. Ulipochimba msingi wa jiko, yalitoka mawe gani?

— Ya mviringo, mwanangu. Kama mayai.

— Basi huenda mto wa kale ulipita jikoni kwako. Maji siwezi kukuahidi, ila mimi ningejaribu hapo.

Mama akanitazama, akamgeukia Mzee Kina.

— Huyu kijana ni wa kwako?

Mzee akakohoa.

— Wa kwangu huyo. Tangu asubuhi namfundisha.

Nilikuwa na jibu la kumchoma mpaka kwenye mfupa. Lakini alikuwa ameshanikabidhi sururu, nami nikalibeba begani, nikamfuata mama.