Sahani Kumi Zilizohesabiwa Ishirini

Ndugu, jamaa na majirani, mimi ni dada wa marehemu, tumbo moja. Nitasoma, lakini msinishangae nikikwama katikati. Jumanne mdogo wangu alikuwa mzima. Leo Ijumaa nimepewa karatasi iliyojaa "alikuwa". Jamani!

Marehemu alizaliwa tarehe 9 Machi 1977, mtoto wa pili na wa mwisho wa seremala na mshona nguo, katika nyumba ya vyumba viwili nyuma ya karakana ya baba. Siku moja tuliosha sahani kumi pamoja. Mama alipouliza, nikasema nimeosha kumi. Naye akasema ameosha kumi. Mama akatusifu kwa sahani ishirini na kila mtu akapata biskuti. Mdogo wangu alicheka mpaka akapaliwa.

Alianza shule ya msingi mwaka 1984, na mwaka 2001 akahitimu chuo kikuu katika sayansi ya kompyuta. Huko alipata rafiki, wakawa pete na kidole. Nyumbani tukamwita Pacha, maana hata mashati walinunua ya kufanana.

Mwaka 2003 aliajiriwa kuwa mhadhiri. Mwaka 2011 yeye na Pacha walitunga kanuni ya kupima mchango wa mtafiti: makala zake zimetajwa mara ngapi katika kazi za wengine, na ameshirikiana na akina nani. Vyuo vingi viliichukua. Watu wakapandishwa vyeo kwa kanuni hiyo, marehemu na Pacha wakiwa wa kwanza.

Mwaka 2018 mhadhiri mmoja, mwanamke anayefanya utafiti peke yake, aliingia ofisini kwa marehemu akaweka faili mezani. Kanuni ilikuwa imemnyima cheo mara mbili. "Kaka, nionyeshe nilipokosea," alimwambia. Marehemu alikaa na faili lile wiki nzima, kisha akanipigia simu. "Dada, unakumbuka zile sahani?" Watu watano wakiandika makala moja, kanuni ilimpa kila mmoja sifa yote. Halafu wakitajana wenyewe kwa wenyewe, ikahesabu tena. "Nimewanyima watu haki yao, dada. Mimi!"

Alitaka waandike masahihisho wote wawili. Pacha alikataa katakata. "Unataka tujivue nguo hadharani?" Basi mwaka 2019 marehemu akayachapisha peke yake, na toka siku hiyo wale wawili hawakusalimiana. Kanuni mbovu ikaendelea kutajwa maelfu ya mara. Masahihisho yametajwa mara nne. Hilo lilimkosesha raha, na kila tukionana wimbo ulikuwa huo huo: "Dada, nikiondoka kabla haijarekebishwa, itakuwaje?" Nami namjibu, "Unaondoka unakwenda wapi? Kula, chakula kinapoa."

Nimeruka ndoa, wifi yangu nisamehe, akili haijatulia. Tarehe 17 Desemba 2005 marehemu alimuoa mfamasia huyu mnayemwona hapa, wakajaliwa binti na kijana. Alikuwa mume wa kubandika chai jikoni akaisahau mpaka sufuria inaungua. Wifi alilalamika, lakini sufuria mpya alinunua akicheka.

Sehemu ya ugonjwa ni fupi, kwa sababu ugonjwa haukuwepo. Jumanne, tarehe 14 Oktoba 2025, aliamka, akamtania binti yake kuhusu viatu, akaenda kazini. Saa nne asubuhi, akiunganisha waya wa projekta mbele ya darasa, alianguka. Mchana nilimpigia nimuulize habari za fundi bomba, simu ikapokelewa na mtu nisiyemjua. Daktari anasema ni mshipa wa kichwa. Nimemsikia. Kuelewa, bado.

Jana chuo kilituletea aya ya kuweka humu: "Marehemu alikuwa na alama 61 za mchango." Nikauliza zimehesabiwa kwa kanuni gani. Wakasema ya mwaka 2011. Ni ile ile! Ndipo Pacha, aliyekuwa amejikunyata karibu na mlango, akasema, "Dada, futa hiyo namba. Chapisha masahihisho yake, na jina langu liwe chini ya lake."

"Leo ndiyo unayaona?" nilimuuliza. Akalia kama mtoto. Sikumsamehe pale pale, nisiwadanganye. Lakini asubuhi hii amenionyesha barua pepe aliyowaandikia wenye jarida lililochapisha kanuni na wakuu wa chuo, kwa jina lake, akikiri kosa na kuomba kanuni ile isitumike tena. Masahihisho yenyewe mnayo, ukurasa wa mwisho wa karatasi mliyoshika.

Marehemu ameacha mama, mjane, watoto wawili, mimi dada yake, na Pacha. Huyu wa mwisho nilikuwa nimemfuta. Nimemrudisha kwa kalamu.

Wakuu wa chuo mlioketi mstari wa mbele, mmesikia. Wahesabuni watu upya, na muanze na yule mama wa faili.

Mdogo wangu, nimewaambia ukweli. Zilikuwa kumi. Pumzika kwa amani.