Dereva wa Lori la Watoto

Ndugu waombolezaji, familia inawashukuru kwa kuja kukaa nasi, na inaomba usikivu wenu kwa maelezo ya maisha ya ndugu yetu, ambaye wengi wenu mlimwita Subiri Kwanza, jina alilopewa kazini, na ambalo hatimaye hata mama yake mzazi alilitumia.

Marehemu alizaliwa tarehe 9 Juni 1954, mtoto wa tatu kati ya watano wa fundi cherehani na muuza mkaa, katika nyumba ya vyumba viwili nyuma ya karakana ya mbao, akasoma shule ya msingi ya jirani kuanzia mwaka 1962 hadi alipomaliza darasa la saba mwaka 1968, ambako, kwa maelezo yake mwenyewe, hesabu zilimkimbiza na mpira ukamrudisha.

Mwaka 1970 aliingia gereji, akianza kwa kuosha vipuri, mwaka 1973 akaajiriwa kiwanda cha matofali kama utingo, na mwaka 1978, baada ya kupata leseni ya magari makubwa, alikabidhiwa lori la bodi wazi, akabaki dereva wa kiwanda hicho hicho mpaka alipostaafu.

Kila mwaka, siku ya maandamano ya mji wetu, kiwanda hutoa lori la kubeba watoto wa shule, wakiimba juu ya bodi iliyopambwa. Mwaka 1980 marehemu alikuwa mtazamaji tu pembeni mwa barabara, lori likiendeshwa na dereva mwingine, watu wakirusha pipi kutoka juu kama ilivyokuwa desturi, mtoto mmoja akaifuata pipi iliyobingirika mpaka kwenye tairi la mbele, akavutwa na shangazi yake, kandambili ikabaki chini ya tairi. Aliyeinama kuiokota ni marehemu. Ilikuwa imekuwa bapa kama karatasi.

Alipoombwa kuendesha mwaka uliofuata, alikubali kwa masharti ambayo kamati iliyaona ya kikorofi, kwamba pipi zigawiwe uwanjani lori likishazimwa, na kwamba kila pembe ya lori atembee mtu mzima, mkono ukiwa umenyooshwa mahali dereva anapouona kwenye kioo cha pembeni, na mkono mmoja ukipotea, lori linasimama na injini inazimwa, hata kama mgeni rasmi anasubiri jukwaani. Aliyetaka kubishana naye aliambiwa, "Subiri kwanza, tukimaliza salama ndiyo tubishane."

Mwaka 1982 tairi la mbele kushoto, upande ambao dereva haoni vizuri, lilipewa mwalimu wa darasa la pili, ambaye katikati ya barabara kuu alichepuka kununua maji, na aliporudi alikuta lori limezimwa, bendi imeshakata kona, na dereva ametoa kichwa dirishani. "Mwalimu, ulikuwa wapi?" "Kununua maji." "Ungeniaga." "Kwani wewe ndiye mwalimu mkuu?" Walifunga ndoa tarehe 17 Desemba 1983, na mjane, aliyekaa hapa mbele, bado anasema kwamba alitongozwa kwa kugombezwa. Mungu aliwajalia watoto wanne, wa kiume wawili na wa kike wawili, na mama aliendelea kutembea kwenye tairi lile lile, akiwa mjamzito, akiwa mwalimu mkuu, na hata baada ya kustaafu.

Marehemu aligundulika kuwa na kisukari mwaka 2006, akaacha sukari kwenye chai lakini hakuiacha kazi, na hapa familia imekubaliana kusema jambo lilivyokuwa. Mwaka 2013 jicho lake la kushoto lilianza kufifia, na kwa wiki kadhaa hakumwambia mtu, akawa anageuza kichwa kizima kutazama kioo, kwa sababu mwaka uliokuwa unafuata angestaafu, na kwa sababu mjukuu wake wa kwanza alikuwa amechaguliwa kupanda lori, akawa ameutangazia mtaa mzima kwamba babu ndiye atakayemwendesha.

Siku moja kabla ya maandamano walifanya majaribio kwenye yadi ya kiwanda, lori likiwa limeshapakwa rangi, kila mtu kwenye pembe yake. Marehemu aliwasha, akatazama kioo cha kushoto, akazima. "Mama, shika nafasi yako." "Nipo." "Nionyeshe mkono." "Nimeunyoosha mpaka bega linauma, unataka niupake rangi?" Watu wakacheka, wakidhani ni utani wao wa kawaida. Marehemu hakucheka. Alivuta breki ya mkono, akateremka, akazunguka mbele ya lori mpaka kushoto, akamkuta mkewe amesimama pale pale anapotakiwa, mkono juu.

Msimamizi wa yadi, kwa nia njema, alimwambia, "Mzee, kesho ni mwendo wa kobe, barabara hii unaijua hata ukifumba macho." Alijibu, "Barabara naijua. Watoto watakapokuwa siwezi kujua, inabidi niwaone." Kisha alikwenda kwenye pembe ya nyuma kulia, alikokuwa binti yake wa pili, ambaye ni dereva wa magari ya taka ya manispaa, akampa ufunguo. Binti aliuliza, "Baba, una uhakika?" "Uhakika ninao wa jicho la kulia tu." Msimamizi alikagua leseni ya binti, akaridhika.

Mjukuu alilia jioni ile, babu akakaa naye barazani mpaka aliponyamaza. Kesho yake marehemu aliwekewa kiti cha plastiki kando ya barabara, akayaona maandamano kutoka pembeni kwa mara ya kwanza tangu ujana wake, na lori lilipompita kwa mwendo wa kobe, watoto wakiimba, alimgeukia jirani yake akasema, "Kumbe tunachosha watu hivi." Alistaafu mwezi Juni 2014. Hakuuomba ufunguo ule tena.

Figo zake zilianza kushindwa mwaka 2021, akawa anasafishwa damu hospitali ya wilaya mpaka mwili ulipochoka, na akafariki dunia alfajiri ya Jumanne, tarehe 4 Februari 2025, akiwa na umri wa miaka 70, mkewe akiwa amemshika mkono. Ameacha mjane, watoto wanne na wajukuu tisa.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi wa chumba cha kusafisha damu, waliovumilia maswali yake kuhusu kila mtambo, jirani fundi bomba, aliyempeleka hospitali kwa gari lake bila kuchoka na bila kulalamikia maelekezo ya namna ya kukata kona, wafanyakazi wenzake wa kiwanda, walimu, na wote waliowahi kutembea kwenye pembe za lori lile, ambalo kwa miaka yote aliyoliendesha halikumgusa mtoto hata mmoja.

Ndugu yetu, umefika salama. Tunakuacha upumzike kwa amani.