Nolfa Riquelme, Aliyewashiwa Mishumaa Akiwa Hai

Padri wetu, ndugu na majirani, kwa niaba ya familia nawasomea maisha ya mama yetu, marehemu Nolfa Riquelme, na mtanivumilia nikipandisha sauti, maana mengine hayasomeki kwa upole.

Marehemu alizaliwa Lota tarehe 14 Machi 1958, binti wa mchimba makaa ya mawe, akasoma hadi darasa la sita, kisha akahamia hapa Valparaíso, akauza sopaipilla, vile vimaandazi vyake vya maboga, kwenye kona ya soko hadi uzeeni. Tarehe 6 Januari 1980 alifunga ndoa na fundi wa kuchomelea, marehemu Onofre Vergara, wakajaliwa watoto wawili, Nelson na mimi, Yasna.

Tarehe 22 Novemba 2019, siku ya maandamano, akiwa anafunga meza yake, askari wa kutuliza ghasia walifyatua risasi za mpira, moja ikampasua jicho la kulia. Alidai fidia kwa serikali, lakini alichotaka hasa ni hakimu atamke kwamba alipigwa na askari, kwa sababu wao walishikilia kuwa aliangukia meza yake mwenyewe.

Nanyi majirani, kwa mapenzi yenu, mkamjengea animita pale konani, kile kijumba cha mishumaa tunachomwekea aliyefia njiani, mkaandika jina lake, eti jicho nalo limefia pale! Mkaguzi wa serikali akaja, akapiga picha, akaripoti kwamba mdai amefariki, kesi ikafungwa. Mama akaenda mwenyewe mahakamani, kwenye dirisha la kuhudumia watu, akamwambia karani, "Mwanangu, hebu nishike mkono. Maiti gani huyu ananuka vitunguu?" Karani akajibu, "Mama, mimi nakuona, ila kompyuta inasema umekufa. Kalete cheti cha kuwa hai." Miaka miwili ikapotelea hapo, jamani, miwili!

Figo zilianza kumsumbua mwaka 2023, akafariki tarehe 3 Juni 2025, kesi ikiwa imefunguliwa upya lakini haijasikilizwa.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi, na akina mama wa sokoni waliomletea mkate na chai kila jioni. Na ninyi mlioshuhudia siku ile, mkaja kuninong'oneza jikoni kwamba mnaogopa mahakama, wakili anasema kesi sasa ni yetu watoto, itasikilizwa Alhamisi saa tatu asubuhi. Maua tumeyapokea, asanteni, lakini maua hayatoi ushahidi. Njooni mseme.

Pumzika kwa amani, mama. Sisi bado.