Daftari la Maana za "Take"

Mheshimiwa Sheikh Aflah bin Hilal, uliyekuja kwa niaba ya idara ya elimu. Masheikh na wazee wetu wa Maskati na Matrah. Mabwana wageni waalikwa. Mabibi mlio nyuma ya pazia, ambao kwa miaka minne nimekusalimuni bila ya kukuoneni. Nanyi wanafunzi wangu: Assalaam alaykum.

Nna miaka sitini na nne, na magoti yangu yana zaidi. Mkiniona nimeegemea meza msidhani ni madaha ya mwalimu. Nimechoka. Leo nnastaafu, basi nipeni ruhusa nichoke mbele yenu bila ya kuona haya. Nilikuwa nimeandika hotuba nyingine, nzuri, ya kurasa tatu, imejaa shukrani kwa kila mtu. Iko mfukoni na itabaki humo. Sheikh Aflah anataka kuondoka hapa na jina la mwanamke mmoja anayeweza kuwasomesha wasichana Kiingereza, kwa ile skuli yao itakayofunguliwa. Asipolipata leo, mwalimu ataagizwa kutoka nje. Wiki iliyopita aliniuliza, nami nikamjibu kuwa sina. Nimesimama hapa kulitengua jibu hilo.

Darasa letu lilianza mwaka wa sitini na sita, chumba hiki hiki, baada ya sala ya alasiri. Tulikuwa watu tisa na ubao wa kuazima. Wengi wetu tumetoka Unguja na mizigo haijafunguliwa. Tulikuwa na kitabu kimoja tu, kisicho jalada wala kurasa za mwisho, na kilipokwisha sikujua niwape nini. Nikawaambia basi tuchague neno moja la Kiingereza, dogo, la kila siku, na kila mtu atuletee maana aliyoisikia mwenyewe mjini, kwa masikio yake. Tukachagua "take". Nilidhani baada ya wiki moja tutakuwa tumelimaliza, tumehamia jengine.

Mabwana, mnalijua neno hili? Mwingereza ana uvivu mmoja ambao mie nnamwonea wivu. Sisi dawa tunakunywa, picha tunapiga, gari tunapanda, mtihani tunafanya, homa tunapima, na nasaha tukipenda tunafuata. Yeye kwa yote hayo ana "take" yake moja, anatembea nayo mchana kutwa. Akivua viatu, ni hiyo. Ndege ikiruka, ni hiyo. Mtoto akifanana na babake, ni hiyo hiyo. Na ukimwomba akupe neno jengine badala yake, atakutolea kumi: la kupokea, la kushika, la kubeba, la kuteka, la kunyakua, mpaka la kupora. Yote ni jamaa moja, lakini si yote utakayoyakaribisha sebuleni. Nani atamfundisha mgeni lipi la kumwambia hakimu na lipi la kumwambia mchukuzi wa bandarini?

Daftari letu lilifika maana arubaini na saba. Wapo waliokuja kulinakili kutoka Darsait kwa miguu. Na thuluthi mbili ya maana hizo zina jina moja pembeni: Suud bin Khalfan. Mnamjua, yule pale, aliyeinamisha kichwa. Nilimsifu mbele ya watu, nikamwandikia barua, na kwa barua ile akapata kazi ya ukarani kwa wakala wa meli. Kijana mtulivu, mwenye adabu, hajaoa. Nataka mkumbuke kwamba hajaoa.

Maana ya kumi na tisa ilikuwa hii: kubana gauni kiunoni baada ya aliyelivaa kukonda. Chini yake pameandikwa namna ya kulipima, wapi pa kutia pini, na kwamba "take in" ya namna hii utaisikia kwa wake wa Wazungu wa ofisini wakati wa joto, maana wakati huo huwa hawali. Wallahi nilisoma mara mbili. Nikamtazama Suud. Nikajiuliza, huyu kijana pini za gauni la Mzungu amezijulia wapi? Siku ile ile nikamtaka aieleze mbele ya darasa. Akakuna kichwa. Na nyuma ya pazia mtu akakohoa, kisha sauti ya mwanamke, chini kabisa, ikampa jibu. Suud akalirudia neno kwa neno, nami nikasema, "Vyema, Suud."

Hayo yalikuwa miaka miwili iliyopita. Miaka miwili, Sheikh, mie nnajua.

Nikuelezeni yalivyokuwa. Mabibi walikuja darasani na jamaa zao, wakakaa nyuma ya pazia, na alichoandika mmoja wao alimpa nduguye akisome. Ndiyo desturi, na sikuiona ajabu. Kuwauliza majina sikuthubutu. Katika buku la mahudhurio nimeandika "nyumba ya Suud" na "nyumba ya" fulani na fulani, na maana zao zote nimeziandika kwa majina ya waliozisoma. Mara ya kwanza lilikuwa kosa la mtu mwenye haya. Baada ya ile kumi na tisa halikuwa tena kosa, lilikuwa langu la kusudi. Nilijiambia ni heshima, kwamba jina la mke wa watu au dada wa watu halitajwi mbele ya wanaume. Lakini ukweli ni kwamba nilichelea maneno. Niliona tabu kubadilisha. Nilikuwa nimechoka tokea wakati huo, na nimetumia uchovu wangu kama ruhusa. Nnaona aibu kwa hilo, na aibu hii sitaki mtu anipunguzie.

Juzi baada ya adhuhuri Suud alinijia nyumbani. Kahawa hakuigusa. Akaniambia, "Mwalimu, mie n'shachoka kupongezwa." Akanieleza ambayo nilikuwa nayajua, na mengine nisiyoyajua: kwamba kila jioni dada yake humkalisha chini akamfundisha mwenyewe, mpaka asimame hapa asitahayari. Kwamba aliwahi kutaka kusema, na ni mie niliyemkatiza kwa sifa. Suud mwanangu, inua kichwa. Hukuiba kitu. Mie ndiye niliyekuwa nashika kalamu.

Tukaondoka pamoja mpaka kwao Matrah. Huyo dada ni mjane, ana mabinti wawili, alitoka nao Unguja mwaka sitini na nne, na mumewe hakutoka. Anashona nguo za wale wake wa Wazungu, na Kiingereza chao anakiokota huku mdomoni ana pini. Nilisimama mlangoni, mlango umerudishwa, nikaomba radhi kwa maneno mengi sana, kama mnavyonijua. Nikamwahidi kwamba leo nitamsifu mbele ya hadhara. Akaningoja mpaka nikamaliza. Kisha akasema, "Mwalimu, sifa sizitaki. Nnataka kazi. Na wanangu wapate pa kusoma."

Mheshimiwa Sheikh Aflah, uliniambia nilete ushahidi ulioandikwa. Ushahidi wangu ni daftari hili, na kila ukurasa wake una jina la mwanamme. Nilifikiri nikae nilibadilishe usiku mmoja, nikuletee likiwa safi. Nikaona hapana, nitakuwa nimeficha tena. Basi lipokee na uwongo wake kama ulivyo, na ukitaka kumlaumu mtu, mlaumu mzee huyu ambaye kesho hana kazi ya kufukuzwa. Kaka mtu ameridhia jina litajwe. Mwenyewe ameridhia. Aliyebaki na wasiwasi nilikuwa mie.

Anaitwa Masouda binti Khalfan.

Sasa mmelisikia, na ukuta haukuanguka. Lakini jina tu halimtoshi Sheikh, na mimi si wa kuaminiwa tena kwa ushahidi wa mdomo. Muulize mwenyewe, Sheikh. Muulize lolote, ukurasa wowote, kwa Kiingereza. Yupo futi sita kutoka ulipokaa, na leo hakuna kaka wa kumrudishia jibu.

Wazee wangu, mabwana, mabibi, nakushukuruni nyote kwa subira yenu. Miaka minne mmenisikiliza mie, na yatosha. Bi Masouda, tafadhali mwanangu, jibu kwa sauti. Mie nnakaa.